Doria Hakupaswa Kusubiri Ijumaa

Hotuba ya daktari wa wanyama kwa wafugaji wa mbwa na paka, Tanga, Siku ya Wanyama Duniani, 4 Oktoba

Assalamu alaikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Na nyinyi watoto mliokaa mbele kwenye mkeka, nimefurahi mno mmekuja, kwa sababu katika nyumba nyingi ninazoingia, mtoto ndiye anayejua paka anakula saa ngapi na mbwa anaumwa wapi.

Nimeombwa nizungumzie afya ya wanyama wa nyumbani. Habari za chanjo na minyoo zimeandikwa kwenye karatasi pale mezani, chukueni. Mimi leo nataka tuzungumze lile ambalo watu huniuliza kwa sauti ya chini, wakiwa mlangoni, mguu mmoja umeshatoka nje: mnyama wangu amezeeka, anaumwa, haponi. Nifanye naye nini?

Nianze na wa kwangu. Nilikuwa na mbwa wa kienyeji, jike, rangi ya mchanga, jina lake Doria. Alifika nyumbani akiwa na wiki nane, ndani ya tenga la machungwa kutoka Muheza, akakaa nasi miaka 13. Mwaka wa mwisho moyo wake ulianza kushindwa. Vali, yaani kilango cha damu, ya upande wa kushoto haikufunga sawasawa, damu ikawa inarudi nyuma, maji yakaanza kuvuja kwenye mapafu. Ni ugonjwa wa kawaida kwa mbwa wazee. Nilimpa dawa ya kukojosha maji na dawa ya kuusaidia moyo, akapata miezi saba mizuri. Sijutii hata mwezi mmoja kati ya hiyo.

Kila usiku nilihesabu pumzi zake akiwa usingizini. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Mbwa aliyelala, moyo wake ukiwa salama, hupumua chini ya mara 30 kwa dakika. Doria alikuwa 26, 28. Jumapili moja nikahesabu 38. Nikaongeza dozi. Jumatatu 44. Jumanne akaacha kabisa kulala ubavu. Alikaa kitako, viwiko vimetanuka, shingo ameinyoosha mbele, kwa sababu kila akijilaza hewa inamkatika. Sijui kama mmewahi kumwona mbwa anayesinzia akiwa amekaa. Kichwa kinashuka, kinashuka, pua inagusa sakafu, anashtuka, anakiinua tena. Usiku kucha.

Binti yangu alikuwa shule ya bweni Lushoto, anarudi Ijumaa. Walikua pamoja, yeye na Doria. Nikajiambia, atamsubiri. Dawa ya kumfanya afe bila kuumia ilikuwa kabatini, hatua 12 kutoka pale alipokaa mbwa wangu. Sikuigusa. Alhamisi alfajiri, kabla ya adhana, alianza kutoa povu la rangi ya waridi mdomoni, na baada ya dakika 20 akafa kwa kukosa hewa, amenikodolea macho mimi.

Ijumaa binti yangu alikuta kaburi. Akaniuliza, "Mama, alikuwa anajua kwamba nakuja?"

Hakujua. Mbwa hajui Ijumaa. Anaijua pumzi hii anayoivuta sasa, na kama haiingii, hana kitu kingine cha kushikilia. Mgonjwa wa kibinadamu tunaweza kumwambia "vumilia, mwanao yuko njiani," naye akavumilia kwa hiari yake, na uvumilivu wake ukawa na maana kwake. Doria nilimvumilisha bila kumuuliza, kwa ajili ya siku ambayo ilikuwa yangu mimi na binti yangu. Ni daktari wa wanyama, nimesomeshwa Sokoine pale Morogoro, nimewaambia watu mara ngapi "usichelewe". Nikachelewa. Ndiyo maana leo sizungumzi nanyi kama mtu aliyefaulu mtihani huu.

Watu wana maneno yao kwa jambo hili, la daktari kumchoma mnyama asiyepona dawa ili afe. Wengine hunipigia simu, "Daktari, njoo unitolee mbwa." Wengine husema kumlaza, au kumchoma sindano ya mwisho. Mimi husema kumpumzisha, na papo hapo humweleza mwenye mnyama kwamba tunachofanya ni kuua. Tukikificha ndani ya neno laini hatutakifikiria inavyostahili, na kuondoa uhai ni jambo la kufikiriwa mpaka mtu akose usingizi.

Njia nyingine zipo, na sote tunazijua. Mbwa mzee anapakiwa kwenye gari usiku, anaachwa njiani huko mbele ya Amboni. Mwingine anawekewa sumu kwenye nyama, anakufa kwa degedege uani huku majirani wanasikia. Mwingine hapelekwi popote. Anafungwa nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji, na kila mtu anaanza kupita upande mwingine. Siku ya tatu au ya nne dada wa kazi anasema, "Yule mbwa amekufa." Hili la mwisho ndilo ninalolikuta zaidi, tena kwa watu wema, wenye huruma, ambao hawawezi kutazama. Wanasema wamemwachia Mungu. Sheria yetu ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, lakini sikuja kumtisha mtu kwa sheria. Naomba tu tukubaliane kwamba kutomchoma sindano hakumaanishi kwamba mikono yetu ni misafi. Kuna mnyama nyuma ya tangi, na hana maji.

Najua nasema haya Tanga, mbele ya watu wanaomcha Mungu. Wakristo wenzangu wanaijua Methali 12:10: "Mwenye haki huufikiri uhai wa mnyama wake, bali huruma za mwovu ni ukatili." Nusu ya pili ya aya hiyo imenisumbua tangu Doria. Ipo huruma ambayo ndani yake ni ukatili. Na ndugu zangu Waislamu wamenifundisha kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema Mwenyezi Mungu ameandika wema katika kila jambo, na kwamba anayechinja anoe kisu chake na ampumzishe mnyama wake. Maneno hayo ni ya kuchinja, si ya sindano, nami si mwanachuoni wa kuyavuta yafike nisipopajua. Nimeyataja kwa sababu ya neno lenyewe, kumpumzisha, ambalo nilidhani ni letu madaktari.

Hapo nimkumbuke mzee wangu mmoja wa Ngamiani, fundi cherehani. Alikuwa na paka mweusi, Kaniki, wa miaka 16. Paka huyu alilala chini ya cherehani kwenye vipande vya vitambaa tangu mzee akiwa na mke, na mke alipofariki, Kaniki alibaki. Figo zikaharibika. Kutoka kilo nne na nusu akashuka hadi mbili na robo. Alikunywa maji mpaka akawa analala amelaza kidevu kwenye ukingo wa bakuli. Mdomo ulinuka mkojo, ulimi una vidonda pembeni, na ukivuta ngozi ya mgongo inabaki imesimama kama hema, hairudi.

Nilimweleza mzee kwamba figo hazitarudi. Akaniuliza, "Binti yangu, nikikuambia umchome, nitajibu nini mbele ya Mola wangu?"

Nikamwambia, "Baba, hilo kamuulize shekhe wako. Mimi naweza kukujibu anaumwa kiasi gani." Nikamjibu hilo bila kupunguza neno.

Alirudi baada ya Adhuhuri. Aliyoambiwa hakunieleza, wala sikuuliza. Akasema, "Sitamchoma. Lakini sitaki aumie. Nifundishe." Basi nikamfundisha. Kumwekea maji chini ya ngozi, mililita 100, polepole, chupa imetundikwa kwenye msumari wa fremu ya mlango. Kumfuta mdomo kwa pamba yenye maji. Kumgeuza kila baada ya muda ili ubavu usichubuke. Dawa ya kutuliza maumivu nilikwenda kumchoma mwenyewe asubuhi na jioni. Mzee alifunga kazi siku nne. Akasogeza cherehani, ile nzito ya chuma, peke yake, ili jua la asubuhi limfikie paka. Kaniki alikufa usiku wa nne juu ya kipande cha kanga.

Mimi ningempumzisha siku ya kwanza. Nilimwambia hivyo mzee, na nawaambia na nyinyi: usiku ule wa nne ulikuwa mrefu, na dawa nilizokuwa nazo hazikutosha. Lakini mzee hakumkimbia. Aliamua akiwa anatazama. Yule aliyemfunga mbwa nyuma ya tangi naye atasema amemwachia Mungu, ila mimi watu hawa wawili siwezi kuwaweka kwenye kundi moja, na dhamiri yangu haijawahi kumshitaki mzee wa Ngamiani. Kama imani yako inakufunga mkono usitumie sindano, kuna kazi ya kufanya badala yake, na ni kazi kubwa. Njoo tuifanye pamoja.

Sasa, kabla hujafika kwenye uamuzi wowote, jua kwanza anaumwa nini. Uzee si ugonjwa. Kuna bwana alikuja na mbwa wake kutoka Pongwe, dume, damu inadondoka kutoka sehemu za siri, na uvimbe mwekundu unaomeguka kama koliflawa. Akasema, "Ana kansa, amekwisha, mtoe." Kansa ilikuwa kweli, lakini ni ile inayoambukizwa mbwa wanapopandana, imejaa mitaani kwetu, na mara nyingi inapona. Inachomwa vinkristini, dawa ya kansa, kwenye mshipa mara moja kwa wiki. Sindano ya nne uvimbe ulikuwa umenywea kabisa. Mbwa yule yuko Pongwe mpaka leo, anabweka. Vivyo hivyo paka mzee asiyekula siku tatu, ukifungua mdomo unakuta jino limeoza. Linang'olewa, kesho yake anadai dagaa. Mbwa aliyelegea, fizi nyeupe, anaweza kuwa na homa ya kupe, si mwisho wa safari. Ndiyo maana simchomi mnyama yeyote kabla sijampima, hata mwenye mnyama akinikasirikia. Wapo waliokasirika.

Jambo moja naliweka pembeni. Mbwa aliyebadilika ghafla, anauma ovyo, udenda unachuruzika, hawezi kumeza, sauti imekauka, huyo simhesabu kama mgonjwa wa uzee. Usimshike, usimfungue mdomo kutafuta mfupa. Fungia watoto ndani, piga simu. Na kama ameshamwuma mtu, kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa hakina mjadala huu tulionao leo.

Narudi kwa mgonjwa wetu. Umeshajua ni figo, au moyo, au saratani ya mfupa, na dawa zimefika ukingoni. Unajuaje kwamba wakati umefika? Watu hutaka niwaambie mimi. Wengine huniambia, "Atanionyesha mwenyewe, nitaona machoni." Hapo huwa nahofia. Mnyama huficha maumivu. Paka ndiye mficha siri kuliko wote: atakaa amejikunyata, amefumba macho nusu, wewe unasema ametulia. Hajilambi tena, manyoya ya mgongoni yameshikana, wewe unasema ni uzee. Anakwenda kujificha uvunguni, wewe unasema anapenda baridi ya sakafu. Na mbwa atatikisa mkia kwa ajili yako hata mfupa wake ukiwa umevunjika. Mkia wa Doria ulipiga sakafu mara mbili usiku wa Jumatano nilipoingia chumbani. Nikauchukulia kama ruhusa ya kungoja.

Kuna daktari wa saratani za wanyama wa Marekani, Alice Villalobos, ambaye mwaka 2004 alitoa kipimo ambacho madaktari wengi tunakitumia. Anatazama mambo saba: maumivu (pamoja na kupumua), kula, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku njema zinazidi mbaya. Kila moja unalipa alama kuanzia 0 hadi 10. Jumla ikizidi 35, kuna maisha ya kuendelea kuyatunza. Nakipenda kwa sababu kinamlazimisha mtu atazame jambo mojamoja, maana tukitazama kwa jumla tunauona upendo wetu tu, mnyama hatumwoni. Lakini kupumua kukishakuwa taabu, mimi sijumlishi tena.

Wasiotaka hesabu nawapa kalenda. Mama mmoja wa Raskazone alikuwa na mbwa mkubwa wa Kijerumani, Askari, miaka 11, miguu ya nyuma imeanza kufa. Nilimwambia aandike mambo matano anayoyapenda Askari. Akaandika nyuma ya risiti: jua la asubuhi. Kumpokea mtoto wa shule getini. Kukimbiza kunguru. Kichwa cha changu. Kulala kizingitini. Kisha akatundika kalenda jikoni, nukta ya bluu kwa siku njema, nyekundu kwa siku mbaya, kila jioni baada ya kuosha vyombo. Kunguru walikwisha mwezi wa kwanza. Geti likafuata. Wiki ya sita akanipigia simu usiku. Akasema, "Daktari, nimeitazama kalenda. Juzi na jana nimeweka bluu kwa sababu alikula. Lakini alikula akiwa amelalia mkojo wake, na akawa ananiangalia kama anaona haya. Nilijua, nikaweka bluu."

Nikamwambia nitakuja Jumamosi asubuhi. Akasema, "Kwa nini si kesho?" Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Nikaenda Alhamisi.

Naomba nieleze kilichofanyika, kwa sababu watu wengi hawaamui kwa kuogopa wasichokijua. Askari alikuwa kizingitini juu ya godoro lake. Alipewa kichwa cha changu, akakilamba zaidi ya kukila. Nikamchoma dawa ya usingizi kwenye msuli, maumivu yake ni yale yale ya chanjo. Tukangoja kama dakika kumi, mama amekishika kichwa chake mapajani, mpaka akawa anakoroma. Nikanyoa manyoya kidogo kwenye mguu wa mbele, nikaweka kanyula, kijimrija cha kupitishia dawa kwenye mshipa. Kisha nikaingiza pentobabitoni. Hiyo ni dawa ya usingizi iliyozidishwa kupita kiasi. Ubongo unalala kwanza, kisha pumzi inasimama, kisha moyo. Ni sekunde chache mpaka hajui chochote na dakika chache mpaka moyo utulie. Nikaweka kipimo kifuani, nikasikiliza, nikangoja, nikasikiliza tena, ndipo nikasema.

Macho hayafumbi. Naomba mlijue hilo mapema. Baadaye anaweza kuvuta pumzi moja kubwa, au msuli ukachezacheza, au mkojo ukatoka. Hayupo tena, ni mwili unaachia. Mama asiyeambiwa atadhani mbwa amefufuka, na picha hiyo haitamtoka.

Na muulizeni daktari wenu swali moja kabla hajafungua mkoba: "Atalala fofofo kwanza?" Pentobabitoni si rahisi kuipata kila mahali, na zipo dawa nyingine za kusimamisha moyo, kama potasiamu, ambazo mnyama aliye macho akichomwa ni mateso makubwa. Hizo hazitumiki mpaka mnyama awe kwenye usingizi mzito usio na hisia kabisa. Daktari akijibu "haina haja," mwambie arudi na mkoba wake. Na wewe mwenyewe usijaribu chochote nyumbani. Panadoli hailazi paka. Inamuua kwa siku nzima au mbili, uso umevimba na fizi zimegeuka rangi ya udongo. Nimewapokea hao pia.

Kaa naye. Najua inauma. Ukishindwa kabisa sitakulaumu, nitamshika mimi. Lakini mwenyewe akitoka nje, mnyama huutafuta mlango kwa macho mpaka dawa ya usingizi imchukue.

Niseme na la pesa, kwa sababu watu wanaliona aibu. Dripu kila siku, vipimo vya damu, dawa za moyo za kila mwezi, ni gharama kubwa, na ndani ya nyumba hiyo hiyo kuna ada za shule. Mtu aliyeniambia "Daktari, nina hiki tu" hajawahi kuwa mwovu machoni pangu. Tukijua ulichonacho tunapanga: labda tunaacha kipimo ambacho majibu yake hayatabadilisha kitu, tunaweka kila shilingi kwenye kutuliza maumivu. Anayenisumbua ni yule anayeona aibu kusema, akakaa kimya wiki tatu, mnyama akalipa deni hilo kwa mwili wake.

Watoto mliokaa mbele, nisikilizeni. Mkiambiwa paka "amelala", ulizeni vizuri. Na nyinyi wazazi, msiwaambie hivyo. Mtoto akisikia paka amelala na hakuamka, na yeye usiku ataogopa kufumba macho. Semeni amekufa. Semeni alikuwa mgonjwa asiyepona, anaumia, na daktari amempa dawa ya kumfanya afe bila kuumia. Mtoto atalia. Mwacheni achimbe kaburi na nyinyi. Binti yangu nilimnyima hilo pia.

Kaburi liwe na kina kirefu, zaidi ya mita moja, na udongo ushindiliwe, mawe juu. Dawa ile inabaki ndani ya nyama. Mbwa wa jirani akifukua akala, naye atalala, huenda asiamke. Tai na kunguru vilevile. Usimtupe jalalani, usimtupe baharini. Kama huna uwanja, niambie, tutatafuta mahali. Na ukiwa na mnyama mwingine nyumbani, mwache amnuse mwenzake kabla hujafukia. Baada ya hapo wengi huacha kuzunguka nyumba wakitafuta.

Kuna mtu atatoka hapa akifikiri, je, kama nikikosea, nikamwondoa mapema? Utafikiri hivyo, ndiyo. Mama wa Raskazone bado ananiuliza kama Askari angepata wiki mbili zaidi. Namwambia pengine angepata. Zingekuwa wiki mbili za kuburuta miguu kwenye mkojo, lakini angekuwepo. Simdanganyi, naye ameniambia anashukuru kwamba simdanganyi. Maswali yake na langu nimeyapima mara nyingi nikiwa peke yangu. Yeye anajiuliza habari za siku ambazo mbwa hakuziona. Mimi najiuliza habari za Jumatatu, Jumanne na Jumatano ambazo Doria aliziona zote, saa kwa saa, ameketi.

Nitakaa hapa chini ya mwarobaini mpaka jioni. Mwenye mnyama mzee aje, hata kama hataki kuamua lolote leo. Nitamfundisha kuhesabu pumzi na kubonyeza ufizi: ukiachia, rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Kalenda ninazo chache.

Mama uliyekaa pale nyuma na kikapu, nimemsikia paka wako tangu nimeanza kuzungumza, na katikati hapa amenyamaza. Usingoje foleni. Mlete huyo kwanza.